Barua ya wazi: Konokono wa kichocho yuko chini ya wizara gani?

Kwa:
Waheshimiwa Mawaziri wa Afya, Kilimo, Maji, na Mifugo na Uvuvi,
pamoja na Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: KUDHIBITI KONOKONO WA KICHOCHO KWA MIMEA INAYOOTA NCHINI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Misungwi. Mimi ni afisa afya mstaafu, siku hizi nalima majaruba ya mpunga na kufuga ng'ombe wachache. Nimeona niandike barua ya wazi kwa sababu jambo nililonalo halina mlango wa kubisha. Wizara ya Afya inamtibu mgonjwa wa kichocho. Wizara ya Maji inachimba lambo. Wizara ya Kilimo inajenga mfereji wa kumwagilia. Mifugo inataka ng'ombe wapate pa kunywa, na Uvuvi inalinda samaki. Konokono anayeeneza ugonjwa wenyewe anaishi katikati ya kazi zenu zote, na hakuna hata mmoja wenu mwenye kasma yake.

Nilipokuwa kazini niliwahi kuandikia ofisi moja kuhusu lambo lililokuwa jirani na shule, watoto wakiogelea humo kila wakitoka darasani. Nilijibiwa kwamba suala la lambo ni la watu wa maji. Watu wa maji wakasema ugonjwa ni wa afya. Aliyenisaidia zaidi ni bwana shamba, naye alichofanya ni kunipa pole.

Ugonjwa wenyewe mnaujua kwenye taarifa, lakini naomba mvumilie niueleze unavyoonekana huku. Ndani ya Usukuma, mbali kidogo na Ziwa, kinachotusumbua ni kichocho cha mkojo. Mtoto anakojoa, mkojo unamalizikia na damu. Wazee wetu wengine waliichukulia kama dalili kwamba kijana wa kiume anakua, ndiyo maana watu hawakukimbilia zahanati. Kwa wanawake mayai ya minyoo hiyo hukwama kwenye njia ya uzazi, yakaleta vidonda, kutokwa damu na ugumba. Mama akienda kutibiwa anaambiwa ana ugonjwa wa zinaa, anarudi nyumbani na dawa zisizomsaidia na ugomvi na mumewe. Kandokando ya Ziwa na visiwani, Ukerewe kwa mfano, kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Hicho hula ini taratibu kwa miaka, hadi mtu mzima mwenye nguvu anajaa maji tumboni au anaanza kutapika damu. Nchi yetu inatajwa kuwa ya pili Afrika kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho, nyuma ya Nigeria.

Jibu letu la miaka mingi limekuwa kingatiba. Watoto wanapangwa mstari shuleni, wanapimwa urefu ili kukadiria vidonge, wanapewa uji kwanza wasije wakatapika, kisha wanameza prazikwanteli. Sina neno baya juu ya kazi hiyo, nimeifanya mwenyewe na nimeona mkojo wa watoto ukisafika. Ila dawa ile huua minyoo iliyokomaa. Iliyoingia mwilini wiki chache tu kabla ya siku ya kumeza huponea, na mtoto hapati kinga yoyote ya kesho. Akirudi lamboni mchana ule ule anaanza upya. Kuwagawia watoto vidonge huku lambo likiachwa lilivyo ni kufukuza nzi sebuleni na jalala liko mlangoni.

Isitoshe, vidonge vyenyewe ni vya hisani. Kampuni ya Merck ya Ujerumani hutoa prazikwanteli kupitia Shirika la Afya Duniani, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za kuvifikisha vijijini ilitoka kwa wafadhili. Mwaka 2025 Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, kila mwenye masikio alipata somo kuhusu kuegemea mkono wa mtu mmoja.

Sasa nimrudie konokono. Wa kichocho cha mkojo wanaitwa Bulinus: wadogo, gamba limechongoka kidogo, ukilishika ncha ikiwa juu mlango wake unakuwa upande wa kushoto. Wa kichocho cha tumbo ni Biomphalaria, gamba lake limelala bapa kama ngata ndogo. Kiluwiluwi kimoja kikitoka kwenye yai la mnyoo na kumpata konokono, humo ndani hugawanyika na kuzaana, na wiki kadhaa baadaye konokono huyo anaanza kutoa maelfu ya viluwiluwi vingine, hasa jua likiwa kali, saa zile zile watoto wanapoingia majini. Vinapenya kwenye ngozi bila kidonda. Konokono hawa kila mmoja ni dume na jike, na anaweza kujizalisha peke yake. Bulinus wa kwetu ana ujanja mwingine: lambo likikauka anajizika kwenye tope, mvua zikirudi anafufuka.

Dawa ya kumuua ipo, inaitwa niklosamidi. Ndiyo pekee ambayo Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kuhusu dawa za konokono, na sisi si wageni na dawa za namna hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 dawa za konokono zilitumika katika mifereji ya mashamba ya miwa ya Arusha Chini, Moshi, sambamba na matibabu ya wafanyakazi, na mwaka 1972 hesabu ya gharama na faida za mpango ule ikachapishwa. Tatizo la niklosamidi mnalijua: inaagizwa nje kwa fedha za kigeni, na kiasi kinachomuua konokono kinamuua na samaki. Halmashauri yetu haiwezi kuinunua kila mwaka, na sijawahi kuona bajeti ya wilaya iliyoiwekea hata shilingi.

Ndipo ninapokuja kwenye mimea. Mwaka 1964 mtafiti kijana wa Ethiopia, Aklilu Lemma, alikuwa mjini Adwa akichunguza kichocho. Mtoni aliona kwamba chini kidogo ya mahali wanawake walipofulia nguo, konokono wengi walikuwa wamekufa. Wanawake wale walifulia matunda yaliyosagwa ya mmea wanaouita endodi, kitaalamu Phytolacca dodecandra, yenye povu kama sabuni. Povu hilo linatokana na saponini, kemikali inayoharibu utando wa chembe hai za konokono. Kati ya 1969 na 1974 maji ya Adwa yalitibiwa kwa endodi, na maambukizi kwa watoto wadogo yakashuka kutoka asilimia 50 hadi 7. Lemma na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes, aliyeshughulikia kilimo cha mmea huo na kuchagua aina zenye nguvu zaidi, walipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989.

Kilichofuata baada ya sifa ndicho kinachonifanya niandike. Endodi ilikwama kwenye makaratasi. Ilihitaji vipimo vya usalama vya viwango vya kimataifa, na vipimo hivyo vilihitaji fedha na maabara ambazo Ethiopia haikuwa nazo, wakati wenye nazo hawakuwa na haraka. Miaka ikapita. Lemma alifariki mwaka 1997 na endodi haijawahi kuwa bidhaa ya kumdhibiti konokono barani. Wenzetu walikuwa na mmea na ushahidi wa mji mzima, wakakosa usajili.

Sisi nasi tulishafika nusu ya njia tukakaa chini. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanyika Ifakara, kwenye maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Watafiti walichukua maganda ya matunda ya mti wa porini unaoota maeneo mengi ya miombo, Swartzia madagascariensis, wakayachuja kwa maji matupu na kuyamimina kwenye madimbwi. Bulinus wakaporomoka hadi karibu kuisha. Maji na maganda, basi. Miaka karibu 40 imepita, na nikimuuliza afisa afya kijana kuhusu jaribio lile ananitazama kama namsimulia habari za Mjerumani.

Ni mimea mingi iliyojaribiwa maabara, na hapa naomba tuwe makini, maana si kila kinachoua konokono kinafaa. Mnyaa unaua, lakini utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha, na mimi sitampa kijana wa kijiji kazi ya kuukamua. Mbono kaburi unaua vizuri sana, ila mafuta yake yana sumu ambayo wataalamu wanaihusisha na kuchochea uvimbe wa saratani. Mwarobaini kila mtu anausifia kwa kila kitu. Kwa konokono nguvu zake ni za wastani tu. Utupa, mmea wa sumu ya samaki, nitausemea chini.

Ningeulizwa mimi pa kuanzia, ningesema mkonge. Katika jani bichi la mkonge, nyuzi ni asilimia chache tu, kama 4 hivi. Linalobaki ni maji na makapi, na maji hayo yana saponini. Tanga, Morogoro na Kishapu tunalima mkonge, tunachukua nyuzi, tunamwaga kilichobaki, na kikiingia mtoni kinaleta kero. Pale Hale, Korogwe, waliwahi kujenga mtambo wa kuzalisha biogesi kutokana na mabaki hayo, kwa hiyo wazo la kuyatumia si geni. Huku kwetu nako mkonge ndio mpaka wa mashamba tangu enzi za babu zetu. Malighafi ipo barabarani. Kisichojulikana ni nguvu ya unga utakaotokana nayo dhidi ya Bulinus wa Misungwi na Kwimba, na hilo ni swali la maabara, linajibika.

Tupige hesabu kidogo. Kipimo cha kawaida kwa mmea ghafi ni kwamba uue konokono kwa miligramu 100 au pungufu katika kila lita ya maji, ndani ya saa 24. Chukua lambo dogo la mita 25 kwa 20, kina mita 2. Hizo ni mita za ujazo 1,000. Kwa kiwango hicho zinahitajika kilo 100 za unga mkavu, yaani gunia. Mmea wenye nguvu ya miligramu 20 utahitaji kilo 20. Niklosamidi kwa kiwango cha miligramu 1 ingekuwa kilo moja ya dawa yenyewe. Kwa uzito mmea haushindani na dawa ya kiwandani, na anayewaambia vinginevyo anawauzia kitu. Lakini gunia la unga wa mabaki linaweza kutengenezwa hapa, likasafirishwa kwa fuso, na fedha yake ikabaki mkoani.

Kuna na suala la majira. Huku mvua zikikatika Mei, malambo yanaanza kusinyaa. Lambo lililokuwa na mita za ujazo 1,000 mwezi Aprili linaweza kubaki robo yake ifikapo Julai. Huo ndio wakati: maji kidogo, unga kidogo, na konokono hajajizika bado. Kwa kuwa saponini kwa kawaida haiui mayai ya konokono, kazi irudiwe wiki chache baadaye, vifaranga vikishatoka. Halafu tena mvua mpya zikianza, kwa ajili ya waliofufuka. Mtu anayelijua lambo lake anaweza kuifanya kazi hii bora kuliko gari la wataalamu linalokuja mara moja kwa mwaka likiwa na bendera.

Najua Wizara ya Uvuvi imeshakunja uso. Ni haki yake. Saponini inaua samaki kwa kuharibu mashavu yake, na huku utupa umetumika vibaya kiasi kwamba mtu akisikia mmea wa kutia majini anawaza uvuvi haramu. Kwa hiyo niseme wazi: siombi mtu yeyote atie chochote Ziwa Victoria. Ziwa la kilomita za mraba 68,800 halitibiwi kwa magunia, na hata ingewezekana nisingekubali. Siombi pia mito, wala mabwawa yenye perege wa watu. Naomba malambo yasiyo na samaki, mifereji ya skimu za umwagiliaji, na vidimbwi vinavyobaki pembeni ya majaruba. Saponini huoza majini ndani ya siku chache, lakini ng'ombe na watu wazuiwe kwa muda utakaothibitishwa na vipimo, siyo kwa kukisia. Na utupa usiguswe kabisa, hata kama maabara itausifu, kwa sababu ukishauhalalishia lambo, kesho utaukuta mwaloni.

Vilevile siombi wananchi waambiwe wachume na kumwaga wenyewe. Tukifanya hivyo mwaka wa kwanza tutakuwa na video za samaki waliokufa, na wazo zima litazikwa kwa miaka mingine 40.

Mtaalamu atakayeisoma barua hii kwa niaba yenu ataniuliza kuhusu Zanzibar, na akiuliza atakuwa amefanya kazi yake. Kuanzia mwaka 2012 Unguja na Pemba zilifanya majaribio makubwa ya kutokomeza kichocho. Shehia nyingine zilipewa kingatiba peke yake, nyingine kingatiba na dawa ya konokono, nyingine kingatiba na elimu ya kubadili tabia. Ugonjwa ulipungua kote, lakini zile zilizopuliziwa dawa ya konokono hazikuonyesha tofauti ya wazi dhidi ya zilizopewa vidonge tu. Sifichi hilo. Nasema tu kwamba Zanzibar ilianza ikiwa tayari imeshusha maambukizi kwa miaka mingi ya matibabu, na panapobaki kidogo tofauti ni ngumu kuiona. Upande wa pili, uchambuzi wa historia ya nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba zilizomdhibiti konokono kwa upana zilipunguza kichocho kwa wastani wa asilimia 92, na ambazo hazikufanya hivyo au zilifanya kidogo, asilimia 37. Sijui lambo la Kwimba litafanana na lipi kati ya hayo mawili. Ndiyo sababu naomba jaribio. Sijaomba mpango wa taifa.

Jaribio lenyewe nalifikiria hivi. Wizara ya Afya iwe mwenye mali, ili tuwe na mtu wa kumuuliza. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo Mwanza chenye uzoefu mrefu na kichocho. Ipewe kazi ya kuhesabu konokono na kupima mikojo ya watoto katika vijiji vyenye malambo yaliyotibiwa na vile ambavyo havikutibiwa. Taasisi ya Dawa Asilia pale Muhimbili ipime mimea, na isitupe matokeo ya maabara tu, ituambie pia mmea uleule unapoteza nguvu kiasi gani ukivunwa kiangazi au ukikaa ghalani. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ikae mezani tangu siku ya kwanza, siyo kuitwa samaki wakishakufa. Mifugo watafaidika zaidi ya wanavyodhani, kwa sababu Lymnaea, konokono wa mnyoo wa ini la ng'ombe, anaishi kwenye maji hayo hayo. Waulizeni wakaguzi wa nyama ni maini mangapi wanayatupa machinjioni.

Halafu Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ianze sasa kuandaa njia ya kusajili kiuakonokono cha mimea, kabla bidhaa haijawa tayari. Hapo ndipo endodi ilipofia. Anayetaka kusajili kitu cha namna hii leo anahitaji kujua mapema vipimo gani vya sumu vitadaiwa, kwa samaki wa aina gani, na nani atavilipia. Kama jibu ni kwamba mtengenezaji mdogo avilipie mwenyewe, semeni mapema tujue kwamba haitatokea.

Na mkisema nchi haina uzoefu wa kutengeneza vitu hivi, nitawakumbusha kiwanda cha Kibaha, kilichojengwa na Serikali kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, kinachotengeneza viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu kwa kutumia bakteria. Kwa malaria tulikubali kwamba kumeza vidonge na kulala kwenye chandarua hakutoshi, tukamfuata mbu kwenye madimbwi. Konokono anatembea polepole kuliko mbu, na anwani yake tunayo.

Mtasema maji ya bomba na vyoo ndiyo suluhisho la kudumu. Nakubali, na bomba la Ziwa Victoria lililofika Shinyanga, Kahama, Nzega, Igunga hadi Tabora limebadilisha maisha ya watu. Lakini ng'ombe mia hawanyweshwi kwa bomba la kulipia, mpunga hauoti bila mtu kusimama majini, na mtoto wa miaka minane siku ya joto ataogelea. Skimu mpya za umwagiliaji zinajengwa kila bajeti, na kila mfereji mpya ni makazi mapya. Ningependa kuona, kabla Tume ya Taifa ya Umwagiliaji haijakabidhiwa skimu nyingine na mkandarasi, kipengele kimoja cha kukagua konokono na jina la atakayekisimamia.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ombi langu la kwanza ni dogo na halina gharama. Kaeni, mkubaliane konokono wa kichocho ni wa nani, mtuandikie. Tukipata jibu kabla ya Juni, maji yakianza kupungua, malambo ya kuanzia nitawaonyesha mwenyewe, na mwenyekiti wetu wa kijiji ameshasema mkutano mkuu utaliridhia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa afya mstaafu na mkulima wa mpunga,
Misungwi, Mwanza.

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania
Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Taifa ya Umwagiliaji
Mwenyekiti wa Kijiji (tafadhali ibandikwe kwenye ubao wa matangazo)